Unanunua au unanunulishwa? Namna ya kufuatilia hela yako mpaka kwenye joto la dunia

Huu si mwongozo wa kukuambia uache mirija ya plastiki. Hiyo umeshaisikia mara mia na joto linapanda tu. Ninachotaka ni kukuonyesha namna ya kushika kitu kimoja unachotumia, ukifuatilie mpaka kwenye wazo la kiuchumi lililokizaa, na kutokea hapo ujue wapi hela yako na kelele zako zinabadilisha jambo na wapi unatwanga maji kwenye kinu. Unahitaji daftari, kalamu, kitu chochote kilichoharibika hapo ndani kwako na jioni moja isiyo na haraka.

Anza na kitu kilichokufa

Chagua kimoja tu, usikusanye kabati zima maana utachoka kabla hujajifunza kitu. Mi nilianza na simu. Betri ikifika asilimia 40 inazima ghafla, na kila niliyemwambia jibu lake lilikuwa lilelile, nunua mpya bwana. Nikaamua kuifungua. Zile skrubu mbili za chini zina kichwa cha nyota ya pembe tano, bisibisi ya kawaida haiingii kabisa, ikabidi niagize ya kwake na nisubiri wiki nzima. Baada ya hapo kioo kimebandikwa kwa gundi, unakipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele taratibu mpaka gundi ilegee, unapenyeza kadi ya plastiki pembeni, unasogeza kidogo kidogo huku unamwomba Mungu kisipasuke. Ukishafika ndani unakuta betri nayo imegandishwa kwa gundi. Yaani betri, kitu ambacho kila mtu aliyeiunda ile simu anajua kabisa ndicho kitakachochoka kabla ya vingine vyote, ndicho kimefichwa kuliko vyote! Kamera nzima, kioo kizima, spika inaimba vizuri tu.

Kwenye daftari jibu mambo matatu. Kimeharibika nini hasa, yaani sehemu gani, maana ukiandika "simu imekufa" hujaandika kitu. Je, mtu wa kawaida au fundi wa kawaida angeweza kuibadilisha hiyo sehemu? Na mimi nikishindwa kuibadilisha nani anaingiza hela? Hilo la tatu ndo lenye utamu wote, na kwa upande wa tabianchi lina uzito pia, kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu haitoki kwenye chaji unayochaji kila siku, inatoka kwenye kuchimba madini na kuitengeneza, kwa hiyo kila mwaka unaoiongezea ile ya zamani ni mwaka mmoja ambao nyingine haijachimbwa.

Kuna watakaosema hizi ni hadithi za njama. Sawa, ila njama yenyewe iliwahi kuwepo na imeandikwa vizuri tu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu, Osram, Philips na wenzao, waliunda umoja ulioitwa Phoebus, makao yake Geneva, wakakubaliana kwamba balbu isiishi zaidi ya saa 1,000, wakati zilizokuwepo nyingi zilikuwa zinafika 1,500 mpaka 2,000. Kampuni ambayo balbu zake zinadumu kupita kiwango inapigwa faini. Faini kwa kutengeneza kitu kizuri! (Mgala muue na haki umpe, wenyewe walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi inatoa mwanga zaidi kwa umeme uleule, na kiufundi ni kweli, lakini hilo halielezi kwanini waligawana na masoko ya dunia humohumo.) Miaka hiyohiyo ya 1920 General Motors chini ya Alfred Sloan walikuja na njia laini zaidi, hamna haja ya kuliharibu gari, mfanye tu mwenye gari alione limezeeka, kila mwaka umbo jipya na rangi mpya. Alafu mwaka 1932, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, dalali mmoja wa majengo wa New York anaitwa Bernard London akaandika kijitabu akitaka serikali iviwekee vitu tarehe ya kufa, ikifika unavirudisha viharibiwe hata kama ni vizima, ili viwanda vipate kazi tena.

Mtu huyu hakuwa kichaa. Alikuwa na wazo kichwani, na ukishalijua wazo lenyewe pendekezo lake linaleta maana kabisa.

Lichimbue wazo lenyewe

Wazo ni hili, uchumi lazima ukue kila mwaka, usipokua watu wanakosa kazi. Na usikimbilie kusema ni uongo, maana kwa jinsi mambo yalivyopangwa sasa hivi ni kweli, mauzo yakishuka kiwanda kinapunguza wafanyakazi, kodi zinapungua, hospitali na shule zinakosa hela. Ndo mtego wenyewe. Tunanunua vitu tusivyovihitaji ili watu wapate kazi ya kutengeneza vitu tusivyovihitaji, na moshi wa hiyo safari yote unabaki juu ya vichwa vyetu. Kabla ya viwanda hewa ya dunia ilikuwa na hewa ukaa kama sehemu 280 kwa kila milioni, sasa imepita 420.

Zoezi lake ni rahisi. Tafuta habari yoyote ya uchumi yenye sentensi ya aina ya "uchumi umekua kwa asilimia kadhaa", uikate vipande. Nini kimekua? Kimeenda kwa nani? Kimekula nini ili kikue? Utashangaa mara nyingi habari yenyewe haina jibu hata moja. Pato la Taifa linahesabu hela iliyozunguka, basi. Mafuriko yakibomoa mtaa mzima, ule ujenzi wa kurudisha nyumba unaingia kwenye pato kama mafanikio. Msitu uliosimama, unaoshika maji na kupoza hewa, haumo kwenye hesabu mpaka siku umekatwa mbao. Bibi anayelea wajukuu bure hayumo, akiajiriwa yaya afanye kazi ileile, tayari uchumi umekua. Na aliyeongoza kazi ya kutengeneza hesabu hizi kule Marekani, Simon Kuznets, aliliambia bunge lao mwaka 1934 mapema kabisa kwamba huwezi kupima ustawi wa taifa kwa kuangalia mapato yake tu. Wakachukua kipimo wakaacha onyo.

Sentensi ya pili ya kukamata ni "soko litajirekebisha lenyewe". Ukiisikia, uliza kama bei ina kila kitu ndani yake. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alishalieleza hili mwaka 1920, kwamba kuna gharama ambazo muuzaji na mnunuzi wanazitupa kwa mtu wa tatu ambaye hakuwepo kwenye biashara, moshi ukiwa mfano mzuri, na akasema itozwe kodi ili bei iseme ukweli. Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo hamna mtu anayeweza kuliita la wanaharakati, lilikadiria kwamba ruzuku za mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani mwaka 2022 zilifika dola trilioni 7, na katika hizo ni kama trilioni 1.3 tu ndo ruzuku za wazi, zilizobaki kwa sehemu kubwa ni uharibifu ambao wanaochoma hawaulipii, mapafu ya watu na joto na vingine. Kwa hiyo ukiambiwa nishati safi ni ghali kuliko mafuta, uliza kwanza, ghali ukilinganisha na bei ipi?

Sasa hapa wengi wanateleza. Wakishaona hayo wanaruka moja kwa moja kwenye "tatizo ni ubepari, tukiuondoa mambo shwari". Ungependa iwe hivyo, ila itazame Bahari ya Aral kule Asia ya Kati. Ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, na waliolikausha hawakuwa mabepari, ni wapangaji wa Kisovieti walioanza miaka ya 1960 kuivuta mito ya Amu Darya na Syr Darya ikamwagilie pamba. Leo kimebaki kipande tu cha ziwa, na upepo unapuliza chumvi na vumbi la dawa za mashambani juu ya watu wa kando yake. Hapo hamna tangazo la biashara wala mteja aliyedanganywa na fasheni. Kulikuwa na namba moja, tani za pamba, na kila mtu alipimwa kwa hiyo, na aliyesema samaki wanakufa hakuwa na kisanduku cha kujaza. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike jina la mfumo, andika namba inayotawala ni ipi na nini hakina kisanduku. Swali hilo linafanya kazi kwa kampuni, kwa serikali, hata kwa shirika la hisani.

Jipime, ila usijifunge kesi peke yako

Hesabu ya "alama yako ya kaboni" unaijua, zile kurasa unazojaza unaendesha gari kiasi gani unakula nini alafu inakuambia wewe ni mbaya. Kuanzia miaka ya 2000 moja ya kampuni zilizoisambaza sana ile dhana kwa matangazo makubwa ni BP, kampuni ya mafuta. Ndiyo. Haimaanishi hesabu ni ya uongo, inamaanisha uangalie nani anafurahi ukibaki umejiinamia unajilaumu.

Fanya hivi, chora mistari miwili ukurasa uwe na safu tatu. Ya kwanza vitu ninavyoamua mwenyewe, ya pili vilivyoamuliwa na waliojenga mji na umeme wake, ya tatu vilivyoamuliwa na sheria. Weka kila kitu kikubwa kwenye safu yake, na kikubwa namaanisha usafiri wako, ndege kama unapanda, nishati ya nyumba, nyama ya ng'ombe, na vitu vipya unavyonunua. Mifuko na mirija acha kwanza. Utaona gari limekaa safu ya kwanza kwa jina tu, kwa sababu kama mji hauna usafiri wa umma wa maana na kazi iko mbali, uamuzi ulishafanywa zamani na mtu mwingine.

Mwaka 2020 ndo ulinifundisha hili. Watu walifungiwa ndani karibu dunia nzima, ndege zimepaki, maduka yamefungwa, na bado hewa ukaa ya mwaka ule ilipungua kwa takriban asilimia 5 tu na mwaka uliofuata karibu yote ikarudi. Wakati huohuo mamilioni walikosa riziki. Yaani tulipata yote mawili mabaya, maumivu makubwa na upungufu mdogo, kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vilikuwa vilevile, tulichozima ni watu. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa ni kila mtu ajinyime, muulize amejifunza nini mwaka ule.

Na hao "kila mtu" si sawa. Asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani wanahusika na takriban nusu ya hewa ukaa inayotokana na matumizi, na nusu ya watu wote wa dunia, wale wa chini, wanahusika na kama sehemu moja ya kumi. Ukishajua hili utajua uongee na nani kwa sauti gani, maana kumhubiria kubana matumizi mtu ambaye hajawahi kuwa na cha kubana ni matusi.

Punguza kwa ujanja

Hii sehemu fupi maana ushauri mwingi unaujua. Kitu pekee kilichonisaidia kweli ni orodha ya kusubiri. Nikitamani kitu naandika jina lake, tarehe, na nilikiona wapi, alafu nasubiri siku 30. Hiyo "nilikiona wapi" ndo dawa yenyewe. Baada ya miezi miwili nilirudi nyuma nikasoma, nikakuta karibu kila kitu nilichokifuta kilikuwa kimeandikwa usiku, kitandani, kutoka kwenye tangazo, na vilivyobaki nilikuwa nimeviandika mchana nikiwa kwenye kazi nimekwama kwa kukosa chombo fulani. Tamaa na uhitaji vina saa zao tofauti, sikujua. Na punguzo la bei linaloisha baada ya dakika kumi si ofa, hilo ni la kukuzuia usifikiri, likubalie liishe.

Kuna shimo moja lakini. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa machache kwa kazi ileile, Uingereza haikuchoma makaa pungufu, ilichoma zaidi, kwa sababu kuchoma kumekuwa nafuu. Kwako inakuja hivi, umeokoa hela kwenye umeme, hela imekaa tu, ukainunulia tiketi ya ndege. Kwa hiyo amua kabla, hela iliyookolewa inaenda wapi, kulipa deni, kumlipa fundi, kupunguza saa za kazi ukiweza. Hili la saa za kazi mi nalipenda kuliko yote na sioni likisemwa vya kutosha.

Namna ya kuipima sera mpya

Hapa ndo naomba utulie, kwa sababu hapa ndo tabianchi na ustawi wa jamii vinakutana na mara nyingi wanavigombanisha makusudi. Serikali ikitangaza kodi ya mafuta au kuondoa ruzuku kwa jina la mazingira, kabla hujashangilia wala kuandamana uliza: nani analipa kwanza, ana njia nyingine ya kuishi leo hii (leo, si mwaka 2040), na hela inayopatikana inarudi kwa nani.

Jaribu maswali hayo kwa Ufaransa mwaka 2018. Kodi ya mafuta ikapandishwa, waliolipa kwanza ni watu wa vijijini na pembezoni mwa miji wanaotegemea gari kwenda kazini, njia nyingine hawana, na mwaka huohuo kodi ya utajiri ilikuwa imepunguzwa. Mwezi wa Novemba watu wakavaa vizibao vya njano wakajaa mabarabarani, na Desemba serikali ikalifuta ongezeko lililokuwa lianze mwaka uliofuata. Ecuador nao Oktoba 2019 waliondoa ruzuku ya mafuta kwa mpigo mmoja, nchi ikawaka kwa karibu wiki mbili, wakairudisha. Watu wakasema wananchi hawajali mazingira. Si kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walitungiwa sera na watu ambao bei ya mafuta haiwagusi.

Sweden walianza kodi ya kaboni, yaani unalipa kulingana na hewa ukaa ya mafuta unayochoma, mwaka 1991, ila waliiingiza pamoja na kupunguza kodi ya mapato, wakiwa tayari na mifumo ya kupasha nyumba joto kwa pamoja na hifadhi ya jamii ya kueleweka, na ikadumu. (Hesabu zao za kupungua kwa hewa ukaa hazihesabu vitu vilivyotengenezwa nchi nyingine wakavinunua wao, kwa hiyo usiwape maksi zote.) Costa Rica nao wanavuruga hadithi ya kwamba lazima utajirike kwanza kwa kuchoma ndipo watu waishi vizuri. Walilifuta jeshi mwaka 1948, wakaweka nguvu kwenye afya na elimu, wakaanza kuwalipa wenye ardhi watunze misitu, na umri wa kuishi kule ni karibu miaka 80, sawasawa na Marekani, wakati hewa ukaa kwa kila mtu haifiki hata robo ya Mmarekani.

Toka peke yako

Rudi kwenye zile safu tatu. Safu ya pili na ya tatu huwezi kuzigusa ukiwa peke yako, na pia si kweli kwamba watu wa kawaida wakipewa mali ya pamoja lazima waiharibu. Elinor Ostrom, msomi wa siasa wa Marekani, alitumia miaka mingi kuangalia watu wanaogawana maji ya kumwagilia, misitu na samaki, akakuta wengi wanasimamia vizuri bila serikali kuwashikia fimbo wala kuuza kwa mtu binafsi, ilimradi sheria wamezitunga wenyewe, wanaangaliana, na adhabu inaanza ndogo. Alipata Nobel ya uchumi mwaka 2009. Kwa hiyo anza na kitu cha kugawana kati ya watu watano au kumi mnaofahamiana, drili, ngazi, mashine ya kushona, na andikeni sheria siku ya kwanza, nani anatunza, kikiharibika nani analipa, mtu akichelewesha inakuwaje. Sisi tuliruka hiyo ya kuchelewesha na drili ikapotelea kwa mtu miezi minne huku kila mmoja anaona aibu kuuliza.

Alafu safu ya sheria, omba kitu chenye kingo. "Tulinde mazingira" hamna mbunge ataipinga na hamna atakayeifanya. Ufaransa tangu Januari 2021 simu, kompyuta za mkononi na vitu kadhaa vilitakiwa viandikwe dukani alama ya kutoka 0 mpaka 10 inayoonyesha vinatengenezeka kwa urahisi gani, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Hicho ni kitu mtu anaweza kukidai kwa jina, spea ziuzwe kwa miaka kadhaa, betri itoke bila moto wala gundi. Na ukiambiwa dunia haiwezi kukubaliana kwenye jambo, wakumbushe mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, gesi zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni zilipigwa marufuku hatua kwa hatua, viwanda vikalia kwanza alafu vikatengeneza nyingine, na tabaka linapona. Hakuna aliyeombwa akajisikie vibaya mbele ya friji lake.

Ile simu, kama unataka kujua, niliifunga na betri mpya, kioo kikabaki na ufa mdogo kwenye kona ya kushoto pale kadi ilipoteleza. Ni mwaka wa tatu huu. Kwenye daftari, safu ya tatu, nimeandika "gundi", na hilo ndo neno moja nililobeba kwenda nalo kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu haki za walaji, nikaitoa ile betri ya zamani mfukoni nikaiweka mezani.